Mpishi wa Taji

Hoteli za Taji zilifungwa moja baada ya nyingine, na ile ya hapa Machakos mjini siku hizi ni duka la viatu, lakini mpishi wake bado hukaanga viazi vile vile. Huvikata vinene, huvikaanga mara mbili, na katikati huviacha vipumzike kwenye ungo huku ameinamisha kichwa akisikiliza mafuta. Mikono yake ina alama za moto hadi viwikoni. Ukimwuliza kama viko tayari, anakujibu bila kukutazama, "Ngoja, bado vinapiga kelele."

Tangu tumzike Mwaitu, mama yetu, baba alikuwa akisukuma kando kila sahani, nasi tukaanza kuogopa kwamba tutamzika yeye pia. Jumapili moja mpishi alikuja na karai lake kutoka kwake Mitaboni, akapika uani kwetu kuku na viazi ambavyo wazazi wangu walikuwa wakila Taji kila baada ya misa. Akaweka sahani mbele ya baba. "Mzee, kula. Mimi sahani yangu hairudi jikoni na chakula!"

Baba akafanya ishara ya msalaba, akala kiazi kimoja, kisha kingine, kisha paja zima.

"Umezidisha chumvi," akanung'unika.

"Wacha uongo, Mzee. Ni wewe umesahau chakula."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Basi niongezee."

Nikapaza sauti, "Bwana asifiwe!" Mpishi akaiinua ile sahani tupu tuione sote, akapiga karai kwa mwiko mpaka majirani wakachungulia.