Kiti Ndani ya Chandarua

Kwa siku ya tatu mfululizo Fahmi alikataa kunyonya mamake, Kulthum, aliporudi kutoka kazini. Mtoto wa miezi minne, hana jino hata moja, lakini aligeuza uso kama bwana harusi aliyeletewa bibi arusi siye. Akalia mpaka punda wa jirani akamjibu.

"Maziwa yako yanuka vanishi," alisema mama mkwe wa Kulthum, Bi Mwanamkisi. "Mimi nimelea saba, hakuna aliyekataa ziwa. Mwatishe ziwa, tumpe ya kopo."

Kulthum alimbembeleza mwana begani. Kumjibu mkwe ni kazi, na yeye ndiyo kwanza atoke kazini. Katika karakana ya Bwana Nabhan, mtaa wa Langoni, wanaume walichonga makasha na viti. Kulthum alipiga msasa na kupaka vanishi. Kisha wanaume wakasimama mlangoni kupokea sifa. Tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, kichwa kilimgonga kila adhuhuri. Alidhani ni usingizi. Mwenye mtoto mchanga husingizia usingizi kwa kila kitu.

Asubuhi alimbeba mwanawe hadi zahanati. Nesi Rael, mtu wa bara aliyeizoea Lamu hadi akajua kubishana na wauza samaki, alimuuliza anapofanyia kazi pakoje.

"Mlango hufungwa," alisema Kulthum.

"Na dirisha?"

"Hufungwa pia."

"Hiyo vanishi mnaipaka ama mnaifuga?"

Ilibidi aeleze. Mwaka uliopita mteja alirudisha kasha zima kwa sababu unywele wa punda uliganda ndani ya vanishi, umejinyoosha kama saini. Tangu siku hiyo Bwana Nabhan aliziba kila tundu.

Rael aliomba leso aliyobebewa mtoto. Akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii unaifutia nini?"

Kulthum alitazama chini. Ni leso ile ile aliyojifunga kiunoni kazini na kufutia vidole vyenye thina ya kuzimulia vanishi; jioni ndiyo aliyombebea mwana.

"Usiache kunyonyesha," alisema Rael. "Nadhani kinachomkimbiza ni leso na mikono. Lakini mvuke ukiuvuta kutwa nzima, kiasi chake huingia kwenye maziwa, kwa hivyo usikubali kufungiwa nao. Fanya kazi penye hewa. Vaa glavu na barakoa yenye vichujio. Ya kitambaa haizuii mvuke. Badilisha nguo huko huko, oga kwa sabuni, ndipo umshike. Na kichwa kikiendelea kuuma, au mtoto akilegea, rudi siku hiyo hiyo."

Karakanani, Bwana Nabhan alisikiliza yote huku akikuna ndevu.

"Nikifungua mlango, nywele zitaingia."

"Kwa hivyo viti vina mtetezi, mwanangu hana?"

"Basi pumzika nyumbani mpaka umwatishe."

"Na vile viti viwili vya harusi ya Alhamisi atapaka nani? Hawa wanaume?"

Wachongaji wote wakaona kazi ya haraka mikononi mwao. Mara ya mwisho wao kupaka vanishi, ilichuruzika mpaka kabati likaonekana linalia.

Bwana Nabhan alipumua kwa nguvu. "Haya. Tafuta ndia nyingine ya kuzuia nywele. Lakini nikiona unywele mmoja..."

Kulthum alileta chandarua cha kitanda kikubwa, akakitundika kwa kamba uwani, pembe nne, akakibana chini kwa mawe. Akajitia ndani na kiti, glavu mikononi. Barakoa alimdai Bwana Nabhan papo hapo, naye akaenda dukani akinung'unika kana kwamba ametumwa kununua pua nyingine. Upepo ulipita kwenye vitundu. Nywele zikabaki nje na wenyewe, punda.

Majirani hawakukawia.

"Bwana Nabhan, kiti kimeshikwa na malaria?"

"La, ni fungate," akadakia mwingine.

Vanishi ilipokauka, Bwana Nabhan alikizunguka kiti mara mbili, akakipapasa kwa dole gumba, akavaa miwani, akakipapasa tena. Hakupata hata vumbi.

"Na cha pili kipake huku huku," alisema, kisha akaondoka upesi asije akasikika akisifu.

Jioni Kulthum alioga, akavaa nguo safi, leso ya kazini akaiacha imening'inia karakana. Nyumbani Fahmi alimnusa shingoni kama afisa wa forodha. Akanusa tena. Kisha akalidaka ziwa, ngumi mbili zimelishika.

Bi Mwanamkisi alikunja uso, akatafuta maneno.

"Mtoe kidogo basi, atapaliwa."

Kulthum alijaribu. Fahmi hakutoka.