Kandambili za Refa

Tarehe sita Novemba tulimzika dada yangu Rukia. Alikuwa mkubwa wetu, na alikuwa refa wetu. Hilo la pili halikutajwa makaburini, kwa kuwa wengi waliokuja ni watu wa Arlington, Texas, waliomjua kazini, alikokuwa akihudumia wazee. Hawakujua kwamba yule mwanamke mpole aliwahi kutusimamia sote na kipepeo cha ukili mkononi. Mimi najua. Ndiyo maana naandika, ingawa shule yangu haikwenda mbali.

Enzi zile, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikaa Sharpstown, Houston, kwenye maghorofa ya matofali yenye ua wa majani katikati. Kila mlango ulikuwa na harufu yake. Kwetu nazi na iliki, kwa kina Pasikali wa Lubumbashi samaki wa kukausha, na kwa jirani wa Meksiko pilipili za kukaanga zilizotupigisha chafya mpaka kitandani. Agosti shati lilikuwa linagandia mgongoni kabla hujamaliza ngazi. Watoto wetu wa leo nikiwaambia tulicheza nje katika joto lile, wananitazama kama nimetoka jela. Kiyoyozi tulikuwa nacho, lakini mama alikuwa na amri yake: "Mnafungua mlango, mnafunga mlango, mnanipozea Texas nzima! Ama ndani, ama nje!" Sisi tukachagua nje.

Mchezo wenyewe aliuleta Mjomba Khamis, kaka yake mama. Alikuwa dereva wa gari la hoteli, akiwachukua wageni uwanja wa ndege. Baadhi yao walikuwa mainjinia wa Kijapani waliokuja kwa mambo ya mafuta, na mmoja wao, siku anaondoka, akamwachia kanda za video za mieleka ya kwao, sumo. Mjomba aliziangalia mpaka picha zikaanza kutetemeka. Kila alipompata abiria Mjapani alimuuliza jambo. Kisha Ijumaa jioni anakuja kwetu, tunakaa kwenye zulia na bakuli la bisi, tunaangalia wanaume wanene wakisukumana.

Lakini Mjomba wanene hakuwajali sana. "Hao kila mtu anawaona," alisema, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, juu ya mtu mwembamba aliyevaa joho linalong'aa. "Muangalieni huyu. Huyu ndiye refa, wenyewe wanamwita gyoji. Muangalieni miguu."

Tukaangalia miguu. Refa anayeanza, alitueleza, hana viatu. Anachezesha wanaoanza wenzake, asubuhi, mbele ya viti vitupu. Akipanda cheo anapewa soksi nyeupe. Akipanda zaidi, anavaa ndara juu ya soksi. Kishada cha kipepeo anachoshika mkononi nacho hubadilika rangi kwa kila cheo, na cha mkubwa wa wote ni zambarau. Huyo mkubwa huchomeka kisu kiunoni, maana yake zamani akikosea angejitumbua mwenyewe.

"Na siku hizi?" aliuliza Rukia.

"Siku hizi anaomba kuacha kazi."

"Bora hivyo," alisema mama kutoka jikoni.

"Na wakianguka pamoja?" Rukia aliuliza tena.

"Hana ruhusa ya kusema wamelingana. Lazima aelekeze kipepeo upande mmoja, hapo hapo, hata kama moyo hautaki."

Rukia akasogea karibu na kioo. Nadhani kazi aliichagua palepale.

Mimi nilipenda mtu mwingine, yule anayepanda ulingoni kabla ya wote. Ni mwitaji, yobidashi kwa lugha yao. Anakunjua kipepeo chake cheupe na kuita majina kwa kuyavuta kama wimbo, mara upande wa mashariki, mara wa magharibi. Nao wana vyeo vyao: wa chini wanafagia ulingo na kuita wadogo, na mkubwa wao anatokea mwishoni kuwaita mabingwa tu. Sauti ile haikuwa ngeni kwetu. Kila jua likizama mama alisimama barazani juu akatuita vilevile: "Saluuuum! Idiiii!" Kaka yangu Salum alisema mama angekwenda Japani angeanzia juu kabisa.

Basi tukajenga ulingo wetu. Mpira wa kumwagilia majani tuliuzungusha uani ukawa duara. Atakayetoka nje ya mpira, au kugusa chini kwa kitu chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Salum, aliyekuwa na mwili, akawa bingwa wa mashariki. Pasikali, ambaye mwili wake ulikuwa mfupi na mgumu kama gunia la saruji, akawa bingwa wa magharibi. Mimi nikawa mwitaji mkuu na mwitaji wa chini kabisa kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa peke yangu. Nilifagia, nikaita, nikagonga vijiti viwili, nikapeleka maji na taulo. Mjomba alisema waitaji huvaa matangazo ya biashara mgongoni, kwa hiyo nilivaa fulana ya duka la nyama, na nilijiona mtu mzito.

Rukia alianza peku, kama sheria inavyotaka. Majani ya ua ule yalikuwa na miiba midogo na siafu wekundu, na bado hakuvaa kitu. Kipepeo chake kilikuwa cha ukili, kilichotumwa kutoka Unguja kwa mama, ambaye Houston hakuwa na jiko la mkaa la kupepea nacho. Alipochezesha mwezi mzima bila ugomvi, Mjomba alimletea soksi nyeupe. Ndara ndizo alizozitaka, na ndara pekee nyumbani zilikuwa kandambili za mama, ambazo sote tulizijua kwa kazi yao nyingine, ya kutuchapa. "Hizo," mama alisema, "nitampa siku atakayonishangaza."

Kabla ya pambano wanamieleka hurusha chumvi kusafisha ulingo. Sisi pia tulirusha, tena sana, mpaka chumvi ikaisha na mchuzi ukapikwa bila. Majani nayo yakafa, yakabaki duara moja la rangi ya kahawia katikati ya ua wa kijani. Meneja akaja kuuliza ni dawa gani imemwagika hapa. Mama alimtazama usoni akamwambia hajui Kiingereza. Mama alikuwa akisoma gazeti la Kiingereza kila siku.

Mwisho wa kiangazi kile baba alipata kazi Arlington, tukaambiwa tunahama. Mjomba akatangaza pambano la mwisho, Salum na Pasikali. Majaji wa pembeni walikuwa mama, Mama Pasikali na Bi Zuhura wa ghorofa ya chini, kila mmoja kwenye kiti chake cha plastiki. Nikafagia. Nikafungua karatasi ya matangazo ya duka niliyoikunja kama kipepeo, nikaita mpaka mishipa ikanitoka shingoni.

Wakakamatana. Rukia aliwazunguka akipiga kelele zile alizozisikia kwenye kanda, soksi zake zikiwa nyeusi kwa udongo. Salum akasukuma, Pasikali akazunguka, wote wawili wakaruka juu ya mpira kama mizigo, puu, wakaanguka pamoja.

Kila mtu akamgeukia Rukia. Salum alikuwa kaka yake. Tulikuwa tunahama, na hii ilikuwa nafasi ya mwisho ya Salum kuondoka bingwa. Rukia hakungoja hata kidogo. Kipepeo kikaenda magharibi.

"Miye njo nilishinda!" Pasikali alipiga kelele akiwa bado chini.

"Umenisaliti!" Salum alimwambia Rukia, machozi yakimlenga. "Wewe ni dada yangu au dada yake?"

"Hapa mimi si dada wa mtu," alijibu. "Goti lako limetangulia."

Mama akanyoosha mkono kupinga. Majaji wanaruhusiwa. Wakaingia ulingoni wote watatu, wakasimama kichwa kwa kichwa kama kwenye video, wakazungumza. Wakazungumza tena. Tukasikia bei ya mchele ikitajwa. Mwishowe mama akatoka, uso hauonyeshi kitu.

"Mimi nilitaka mwanangu ashinde," alisema. "Lakini hata mimi goti nimeliona."

Akavua kandambili pale pale kwenye majani, akazisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Rukia. Rukia akazivaa juu ya soksi chafu. Zilimzidi, visigino vikaelea nyuma. Sijawahi kumwona mtu aliyesimama wima kama yeye siku ile. Salum aligoma kusema naye mpaka tulipofika Arlington. Huko akamwomba amchezeshe tena, kwa sababu, alisema, refa mwingine hamwamini.

Arlington hatukuwa na ua. Kila kitu kilitaka gari, na tukakua. Wanetu leo wanacheza kwenye kioo na watu wa mbali ambao hawajawahi kusikia harufu ya jasho lao, na mashine ndiyo inayowaambia nani ameshinda. Hakuna wa kumlilia. Siwalaumu, mashine haina dada.

Siku chache baada ya mazishi, wageni walipopungua, tulikaa nyuma ya nyumba ya Salum, Cedar Hill. Pasikali alikuwa ameendesha kutoka Houston, kichwa kimeanza mvi. Tulikaa tukitazama vikombe vyetu vya chai mpaka mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akasema, "Mnanichosha. Rukia asingekaa hivi. Mpira wa maji si ule pale?"

Salum na Pasikali walitazamana wakacheka. Nikauzungusha mpira. Nikafagia. Nikawaita, na sauti ilitoka nzuri kuliko nilivyotegemea. Wakakamatana wale wanaume wazima wenye magoti mabovu, wakapumua kama mabasi, wakateleza, wakaanguka pamoja.

Sote tuligeuka kutazama mahali ambapo refa husimama. Palikuwa patupu.

 Kisha mama akavua kandambili zake, akazisukuma kwa fimbo kuelekea kwa Nasra, binti wa Rukia, ambaye kila siku huulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Nasra alisimama. Akazisogeza kandambili kando, akavua na raba zake mwenyewe, na soksi.

"Mama alianza peku, Bibi," alisema, kwa Kiswahili.

Akaingia ulingoni, akanyoosha mkono magharibi.

"Tena!" alilalamika Salum kutoka chini. "Ukoo huu!"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nasra alibaki pale pale, mkono wake bado umenyooka, mpaka Pasikali aliponyanyuka na kumwinamia. Ndipo nikachukua ufagio, kwa kuwa hiyo ni kazi yangu, nikafagia ulingo.