Fimbo Huacha Mistari Miwili

Ngozi nyeusi ikipigwa haiwi nyekundu. Kwa saa za kwanza unaweza usione kitu kabisa, hasa kama hutaki kuona. Mdogo wangu wa kike alipofika kwangu Singida Mjini, asubuhi moja ya kiangazi, alishuka kwenye bodaboda akiwa amejifunika kanga hadi kidevuni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mdomo. Ulikuwa umepasuka, na damu ilikuwa imekauka kwenye mpasuko ikawa nyeusi kama lami.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefanyaje?"

"Nimeanguka," alisema, kwa sababu mwendesha bodaboda alikuwa bado amesimama anatusikiliza. Pikipiki ilipoondoka akasema, "Fimbo ya ng'ombe. Alianza na mkono, mkono ukamchosha."

Kosa lake lilikuwa kulala usiku wa pili msibani bila ruhusa ya mumewe. Aliporudi, mume alimshika nywele akamburuta kutoka jikoni hadi mlangoni pa zizi, akampiga mateke ya kiuno akiwa amelala chini, na alipoinua kichwa ili apumue, fimbo ikamkuta usoni. Aliponieleza alikuwa anatemea kikombe cha bati, na jino moja lilikuwa tayari limo ndani ya kikombe.

Polisi walitupa fomu ya matibabu, hospitali ikamtibu. Kabla hatujaendelea zaidi, baba mdogo alipiga simu kutoka kijijini Mgori. Baba yetu alikwishafariki, kwa hiyo yeye ndiye mkubwa wetu.

"Msilipeleke mbali kwanza," alisema. "Tukae sisi na wao Jumapili. Tukishindwana, hapo mtakwenda mnakotaka."

Nilimtumia picha niliyoipiga kwa simu. Baada ya muda akapiga tena.

"Mwanangu, nimeitazama. Nimempa na mama yako mdogo. Tunaona mdomo tu. Na mdomo hata mtu akianguka unapasuka. Wenzetu wa upande wa mume wanasema aliteleza kwenye miamba akienda kuchota maji."

"Baba, shavu lote limevimba."

"Mimi sijakataa. Nakwambia kitakachosemwa. Wazee watauliza alama iko wapi."

Nilijua maana yake. Mwaka uliotangulia mdogo wangu alikimbia hivyohivyo, kikao kikakaa, alama haikuonekana, akarudishwa kwa mumewe pamoja na maneno mazuri. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjwa ndani ya wiki hiyo, na tangu hapo hakikunjiki. Mdogo wangu alikuwa ameyasikia mazungumzo yetu yote ya simu. Alifuta mdomo akasema bila kupandisha sauti:

"Wakinirudisha mara hii, mtakuja kunichukua kwa jeneza."

Kazi inayonilisha ni mabango. Nimechora vinyozi, mafundi cherehani, na kuku wa kienyeji wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikijifundisha rangi za mafuta, kwa video za simu na kwa kuharibu turubai. Nilianza na yai kwenye sahani, nikaja kwenye kitunguu, kisha sufuria, na kila kimoja sikukiacha mpaka kilipokaa sawasawa. Nilichojifunza ni kwamba umbo liko kwenye kingo. Ukichora kila ukingo kwa ukali uleule, uso unakuwa bango. Lazima ujue ni wapi ukingo ukate na ni wapi uyeyuke kwenye kivuli.

Kwa hiyo nilimkalisha dirishani na kumtazama kama ninavyotazama kitu cha kuchora. Niliona kwa nini simu ilishindwa. Shavu lililopigwa halikuwa na giza zaidi ya lile lingine. Lilikuwa na ubaridi zaidi. Ngozi yake ya kawaida ni kahawia yenye wekundu kwa chini. Pale palipoumia wekundu ule ulikuwa umegeuka zambarau inayoelekea bluu, kwa kiwango kilekile cha giza. Simu inapima mwanga, halafu inalainisha ngozi ili mtu apendeze. Ilikuwa imempendezesha.

Kulikuwa na jambo jingine. Kutoka sikioni kushuka hadi karibu na pembe ya mdomo ilipita mistari miwili iliyoenda sambamba, na katikati yake ngozi ilibaki safi, hata imepauka kidogo. Fimbo inapotua kwa nguvu, damu husukumwa pembeni; pale ilipogusa hasa panabaki patupu. Ukingo wa ndani wa kila mstari ulikuwa mkali, na wa nje ulififia taratibu kuelekea taya na pua. Mwamba hauwezi kufanya hivyo. Mwamba unachuna.

"Nitakuchora," nilimwambia. "Siyo kwa ajili ya ukutani. Kwa ajili ya kikao, maana huko utakaa umejifunika."

"Utanichora nikiwa mbaya hivi?"

"Nitakuchora ulivyo."

"Basi usinipunguzie."

Nilifanya kazi kwa siku zote zilizobaki kabla ya Jumapili. Hakuweza kuegemea kiti kwa sababu ya kiuno, na kila baada ya muda alisimama, akashika dirisha, akapumua kwa meno yaliyobana. Nilianza na shavu zima, kisha nikaingia kwenye lile lililoumia. Zambarau ya kwanza ilikuwa kali mno, ikafanana na vipodozi. Niliifuta kwa kitambaa. Ya pili niliichanganya na kahawia ileile ya shavu zima, nikaongeza bluu kwa ncha ya kisu, ikakaa. Chini ya jicho rangi ilikuwa imeanza kugeuka kijani cha majani makavu, nikaifuata. Ili mistari ikae sawa ilinibidi brashi ipite njia ileile ya fimbo, kuanzia sikioni kushuka kwa mkupuo mmoja. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo alikuwa anatazama mkono wangu, akafumba macho na kuinamisha kichwa pembeni. Mwili wake ulikuwa umekwepa.

Mwanga nao ulisema mambo. Kwenye shavu zima mwanga wa dirisha ulivunjika vipande vidogo juu ya vinyweleo na vitundu vya ngozi. Kwenye shavu lililovimba ngozi ilikuwa imevutika, kwa hiyo mwanga ulikaa kama doa moja jeupe lenye kingo kali, kama juu ya kibuyu kilichopakwa mafuta. Nililiweka doa lile mwisho, kwa rangi nzito, mguso mmoja, nikaacha.

Nilifanya kosa moja. Mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, ambayo huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, yaliniishia nikiwa katikati ya shavu. Nikachukua mafuta ya alizeti jikoni. Huku kwetu alizeti ndiyo kila kitu, na nilidhani mafuta ni mafuta. Rangi ililainika vizuri ajabu, kingo zikayeyuka nilivyotaka. Lakini haikukauka. Upepo wa Singida hukausha nguo kabla hujarudi ndani, na shavu lile lilibaki bichi vilevile.

Jumamosi mchana mumewe alikuja. Nilisikia kwanza fimbo ikigonga mlango wa bati.

"Shemeji, fungua. Nimekuja kumchukua mke wangu kwa amani."

"Kikao ni kesho," nilimjibu.

"Kikao cha nini? Wewe fundi wa kuku, unamficha mke wa mtu ndani, unamfanya nini humo?"

"Usifungue," mdogo wangu alisema. Alikuwa amejikunja nyuma ya turubai, mikono juu ya kichwa.

Teke la kwanza lilikunja bati. La pili lilitoa bawaba ya juu. Nilijibandika mlangoni kwa bega, nikiwa na kisu cha rangi mkononi, kisu ambacho hakikati hata nyanya. Kisha jiwe likapita dirishani na vioo vikatumwagikia. Kipande kimoja kilimkata mdogo wangu mguuni. Alipiga kelele, na kelele ile ndiyo iliyowaleta vijana wa bodaboda wa pale kona. Walimng'oa yule mume mlangoni kwa kola, wakampiga makofi, mmoja akamtia ngumi ya tumbo.

"Huyu ndiye bingwa? Mbona hapigi wa saizi yake?"

"Mpe na ya mdomo, alingane na mkewe!"

Sikuwazuia. Nilisimama kwenye mlango uliopinda nikatazama, na niliona vizuri jinsi jasho lilivyong'aa kwenye paji la uso wake alipoanguka. Alipoinuka alitema vumbi.

"Kesho mtanirudishia wenyewe!" alisema. "Wazee wenu wenyewe!"

Tulikwenda Mgori asubuhi, turubai nikiwa nimeibeba uso kwa nje ili isiguse kitu. Kikao kilikaa sebuleni kwa baba mdogo: wazee wetu upande mmoja, mume mwenyewe na wazee wake upande wa pili, mdogo wangu kwenye mkeka karibu na mlango. Baba mkubwa wa yule mume ndiye aliyewasemea. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye koti, na alieleza habari ya miamba na ndoo ya maji kana kwamba alikuwepo.

"Mtoto wetu ana hasira, hatukatai," alimalizia. "Kofi moja mawili ndani ya nyumba, nani hajawahi? Lakini haya ya fimbo, tuonyesheni alama."

Niliomba ruhusa, nikaisimamisha picha juu ya kiti, dirishani. Shangazi yetu, aliyekuwa amekaa mkekani na mdogo wangu, alishika mdomo. Mzee mmoja wa upande wetu alisogea akainama mpaka pua karibu iguse turubai, akasema kwa Kinyaturu kwamba amewahi kuona hivyo kwenye ngozi ya ndama aliyechinjwa baada ya kupigwa na mchungaji mjinga: mistari miwili, katikati peupe.

"Hiyo ni fimbo," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Hiyo ni rangi," alisema baba mkubwa wa mume. "Huyu kijana si ndiye aliyechora kuku wa pale stendi? Yule kuku ni mnene kuliko ng'ombe. Aliyemnenepesha kuku atashindwa kuvimbisha shavu?"

Watu walicheka, hata wa upande wetu. Yeye akainuka, akaenda kwenye picha, akaweka kidole gumba juu ya shavu, akakivuta. Mistari yote miwili ikaondoka pamoja na doa la mwanga. Ikabaki kahawia iliyovurugika. Akatuonyesha gumba lake.

"Mnaona? Inafutika."

Mdogo wangu alisimama kwenye mkeka. Kwa adabu za kwetu hakupaswa kusimama wala kusema. Aliivua kanga kichwani, akaenda akamsogezea yule mzee uso wake, karibu kabisa.

"Baba, shikamoo," alisema. "Futa na hili."

Mzee alishusha mkono. Hakuna aliyecheka. Ndipo mumewe aliporuka kutoka kitini, akapita katikati ya watu, akapiga turubai teke ikapasuka, kisha akanyanyua fimbo yake juu ya kichwa cha mdogo wangu. Niliingiza mkono. Fimbo ilitua kati ya kiwiko na kifundo, na nilisikia sauti yake kabla ya maumivu. Alinyanyua tena. Safari hii wazee wa pande zote mbili walimvamia. Meza ikapinduka, vikombe vikavunjika. Baba mdogo, mtu ambaye sijawahi kumwona akimgusa mtu, alimpiga na kigoda mgongoni mpaka akalala kifudifudi sakafuni.

"Unampiga mwanangu! Ndani ya nyumba yangu! Mbele ya macho yangu!"

Alikuwa anamaanisha mimi.

Mambo yaliisha haraka. Baba mkubwa wa mume alivua kofia, akaomba radhi kwa ajili ya mkono wangu. Alisema ni aibu, kwamba mtu aliyemshikia fimbo shemeji yake ukweni hawezi kutetewa. Baba mdogo alitangaza kwamba binti harudi, na kwamba kesho yake yeye mwenyewe atatusindikiza polisi na ile fomu. Mashahidi walikuwa wengi na wote waliona. Mama mdogo alileta maji ya moto na chumvi, akanikanda mkono huku analia. Mzee mmoja baada ya mwingine alikuja kunipa pole.

Jioni tulikaa wawili uani. Mdogo wangu alinishika mkono, akaukunjua polepole, akaugeuza upande huu na upande ule, akautazama kwa makini kama nilivyokuwa nimemtazama yeye dirishani. Uvimbe ulikuwa haujaanza. Ngozi ilikuwa kahawia vilevile, kutoka kiwiko hadi kifundo.

"Kaka," alisema, "hapa mbona sioni kitu?"

Na mimi sikuona. Nilimwambia itatokea kesho.