Tairi Lililolala Chini ya Kitanda

Mwaka ule tulikula yanga. Kijana wa leo ukimtajia yanga anadhani unaongea mpira, lakini sisi tulikuwa tunasema unga, ule wa mahindi ya njano ulioletwa kwa meli kutoka nchi za watu, ukapanda milimani kwetu ukinuka gunia. Ugali wake ulikwaruza koo. Tuliula kwa mnavu na tukashukuru, maana mahindi yetu yalikuwa yamekaukia shambani. Siku moja ya mwaka huo naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, na ndiyo nataka kukusimulia, mwanangu, wewe mwenye gari, na wewe unayeomba Mungu akupe.

Shule sikuisoma sana. Injini siijui na sitaki kuijua. Lakini tairi nalijua. Nimeolewa kwa madereva, nimezaa madereva, na mjukuu wangu Elia ana pikapu yake mwenyewe, nyeupe, aliyoinunua kwa kabichi na karoti za milima hii. Ikipita hapa chini naitambua kwa mlio, na wageni wakiwepo nawaambia, huyo ni wa kwangu. Kwa hiyo nikisema maneno makali usidhani ni wivu wa mzee asiye na gari.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kahawa. Miche aliipanda kwa mkono wake kwenye mteremko wetu, upande huu wa Mponde, kabla sijaolewa. Sasa mume wangu Yohana, ambaye ndiye mwanawe wa kwanza, akaing'oa. Mzee alikuwa amekwenda Zirai kumtazama dada yake, na aliporudi alikuta mashina yamelala chini, mizizi inatazama juu, na kabichi zimeshapandwa. Yohana hakuwa mbaya. Kahawa ilikuwa hailipi, na kila mtu alijua. Ila hakuuliza. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo hatakula kitu kilichotoka mkononi mwa Yohana, na neno lake akalishika. Nikipika, alikuwa ananiuliza kwanza mboga hii imetoka shamba la nani.

Hapa lazima nikueleze jambo, maana nyinyi wa siku hizi mnaombana radhi kwa simu. Kwetu, mzazi akimkasirikia mwanawe kiasi hicho, hasira haitoki kwa kusema yameisha. Mzazi anatia maji kinywani, anayashika kidogo huku anataja moyoni lile lililomuuma, halafu anamtemea mwanawe kifuani. Hapo ndipo mtoto anakuwa mtoto tena. Sisi ni Walutheri, Jumapili tulikuwa kanisani, na mchungaji alijua habari ya maji na hakuwahi kutuuliza. Maji hayo hayana mjumbe. Ni kinywa cha mzazi na kifua cha mwana, basi.

Mzee akaugua, akalazwa hospitali kule chini, Korogwe. Mama mkwe alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyemuuguza. Asubuhi moja daktari akaniambia kwa upole kwamba walichoweza kufanya wamekifanya. Nilidhani mzee amelala. Kumbe amesikia.

"Mkwe wangu," akaniambia, "nirudisheni nyumbani. Nina maji ya Yohana."

Nikatuma habari juu. Aliyekuja kutuchukua ni shemeji yangu Zakaria, mdogo wake Yohana, na pikapu ya mjomba wao, ambayo yeye ndiye aliyekuwa dereva wake. Yohana mwenyewe hakuja, wala haikuwa jeuri. Mwana aliyemkosea mzazi humngoja mlangoni kwake, hamkimbilii njiani. Naye akangoja.

Mwaka ule wa yanga hakikukosekana chakula tu. Sabuni ilikuwa shida, betri shida, na tairi ndiyo usiseme. Ulikuwa unaegesha gari pale Mombo, unaingia kunywa chai, ukitoka tairi la akiba limeshapata mwenyewe mwingine. Basi madereva wa kwetu wakaja na akili yao: tairi la akiba wakaliacha nyumbani. La Zakaria lilikuwa chini ya kitanda chake, limefunikwa gunia, na mke wake alikuwa analifuta vumbi. Wenzake walimtania kwamba tairi lile linalala pazuri kuliko watoto. Njiani yeye alibeba solusheni, ile gundi ya kuzibia, viraka vya mpira na pampu ya mguu, na kusema kweli alikuwa hodari wa kuziba. Alikuwa anaziba tyubu huku anapiga mluzi.

Tulimlaza mzee nyuma ya pikapu juu ya godoro, kichwa chake mapajani pangu. Ujanani mzee alikuwa utingo wa malori ya mkonge, na jicho la utingo halizeeki. Kabla gari halijawashwa akauliza, "Zakaria, tairi la akiba liko wapi?"

"Liko salama, baba. Nyumbani, chini ya kitanda."

"Linaumwa?"

Zakaria akacheka. Akasema haliumwi, ni hofu ya wezi tu, na mzee asiwe na wasiwasi, pancha yoyote ataiziba.

Mzee hakucheka. "Mimi mgonjwa niko barabarani, tairi zima limelala kitandani. Solusheni inaziba tundu la msumari, Zakaria. Huko juu hakuna misumari, kuna mawe. Jiwe linachana."

Zakaria akaitikia ndiyo baba, kama mnavyoniitikia nyinyi, akawasha gari.

Mpaka Mombo tulikwenda vizuri. Kupanda mpaka Soni tulikwenda vizuri. Mzee alikuwa akifumbua macho anatazama miamba, anauliza tumefika wapi, namwambia, anafumba. Tukaiacha Soni tukashika njia ya Bumbuli, njia ya udongo, na kwa ule ukame udongo ulikuwa umepeperuka mawe yakabaki yametoa meno. Tukakutana na lori lililopakia majani ya chai. Zakaria akalipisha, akasogea ukingoni. Nikasikia mlio kama khanga inayochanwa. Gari likainamia upande mmoja.

Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni, mpasuko wa kuingiza kiganja. Safari hii Zakaria hakupiga mluzi. Akalifungua, akatoa tyubu, akaiziba. Akakata kipande cha mpira kwenye kandambili yake, akakitia kwa ndani kufunika mpasuko, akarudisha, akapampu mpaka shati likamganda mgongoni. Tukaondoka. Hatukufika mbali. Tyubu ilijitokeza kwenye ule mpasuko kama utumbo wa mbuzi, ikapasuka.

Akaanza upya.

Wakati huo mzee akaniomba maji. Nikampa. Hakumeza. Aliyashika kinywani, mashavu yametuna, anatazama mbingu, halafu ndipo akayameza. "Bado naweza," akasema. Hapo nikajua anajipima.

Zakaria akaziba, akapampu, tyubu ikatoka tena kama utumbo. Jua lilikuwa limeshatupita kichwani. Mzee akaniomba maji tena, akayashika, na safari hii kidogo yakamtoka pembeni mwa mdomo, nikamfuta kwa khanga. Nikamwinamia. Nikamwambia, baba, lolote ulilo nalo kwa Yohana niambie mimi, nitalifikisha kama lilivyo, sitaongeza neno.

Akanitazama kwa huruma, si kwa hasira. "Wewe si Yohana," akasema.

Waliotuokoa, kama ni kuokolewa, walikuwa wachuma chai waliokuwa wakirudi kutoka mashambani. Watu wa mbali hao, wa Iringa, wa Kigoma, wengine hata Kishambaa hawajui. Mama mmoja mwenye tenga mgongoni alimkuta Zakaria anapampu, akamtupia mzaha: "Kaka, hilo gari unalipulizia kama chungu, litaiva saa ngapi?" Wenzake wakacheka. Halafu akachungulia nyuma, akatuona. Akatua tenga lake chini, akawaita wanaume.

Walikata miti, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela. Zakaria akaitupa pampu kando ya njia, akaenda kushika mti wa mbele. Walipokezana kupanda vilima vile, wageni kabisa, hawamjui mzee ni nani, na hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Mimi nilitembea ubavuni nimeshika kopo la maji. Sikumpa tena. Niliogopa kuona.

Tulifika jua linazama. Yohana alikuwa amesimama mlangoni, ameoga, shati jeupe, vifungo vya kifuani amevifungua. Alikuwa amesimama hapo tangu mchana, majirani waliniambia baadaye, amekataa hata kigoda. Machela ikashushwa. Akapiga magoti.

Mzee akamtambua. Hilo naweza kuapa. Nikamtia maji kinywani, midomo ikajaribu kufumba, haikuweza. Maji yakateremka kwenye ndevu yakaingia blanketini. Akanionyesha kwa macho nimtie tena. Nikatia. Yakateremka tena. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe tu, na yalikuwa yanafanya kazi ambayo mdomo umekataa. Yohana akainama, akaweka kifua chini ya kidevu cha baba yake, ili kinachotiririka kimwangukie. Shati likalowa. Mzee alikata roho kabla taa haijawashwa.

Kwenye matanga wazee waligawanyika. Wengine wakasema maji yamefika kifuani, yatosha. Wengine wakasema maji yaliyoteremka yenyewe hayakutemwa, na kisichotemwa bado kimo ndani. Walibishana hivyo Yohana akiwa amekaa pale pale anawasikia. Hakuwauliza. Alikuja kuniuliza mimi, chumbani, baada ya miaka: "Mama Samweli, unadhani yalihesabika?" Nikamjibu yalihesabika. Kila aliponiuliza nilimjibu hivyo, mpaka naye tulipomzika. Lakini mimi niliyeshika kopo, mwanangu, mpaka leo sijui. Nikae nikuandikie kwamba najua, nitakuwa mwongo.

Zakaria hakulaumiwa na mtu. Ila alipokuja kula kwetu alikaa karibu na mlango, wala hakungoja chai. Tairi lake akalitoa chini ya kitanda siku ya pili ya msiba, akalifunga kwenye pikapu kwa mnyororo, na hakulitoa tena mpaka gari lenyewe lilipokufa.

Sasa nakuja kwenu. Elia ameleta kichupa, kama cha mafuta ya nywele. Dawa ya pancha. Unaimimina kwenye mdomo wa tairi, unajaza upepo, unaendesha, inaziba yenyewe. Siidharau. Nimemwona akiziba nayo tundu la msumari pale Soni, nikafurahi na kumsifu mbele ya watu. Inunueni, mkae nayo. Lakini Elia amefanya kichupa kuwa tairi. Tairi la akiba amelitoa, liko stoo kwa mama yake, ili nyuma paingie makreti zaidi ya karoti. Amenisomea mwenyewe maandishi ya kile kichupa, na maandishi yenyewe yanakiri: ni kwa tundu dogo, sehemu ya tairi inayokanyaga chini. Ubavu hakikuutaja. Waliotengeneza dawa wamesema ukweli kuliko wanaoinunua.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, na siipambi. Beba vyote viwili. Tairi la akiba lipimwe upepo kabla ya safari, maana mnalibeba miaka bila kulitazama, siku ya shida mnalikuta limelegea kama ulimi wa ng'ombe. Jeki iwepo, na spana inayoingia kwenye nati zako, siyo ya gari la jirani. Jaribu kufungua nati hizo hapo nyumbani, uwanjani, ukiwa umeshiba na mtu hakungoji. Na ukiona nafasi ya tairi inafaa kwa mzigo, jiulize kwanza: leo nikigeuzwa njiani nimbebe mgonjwa, au mama mwenye uchungu, au mtu mwenye neno ambalo hawezi kulituma, nitamweleza nini kuhusu hizi karoti? Milimani kwetu gari si lako peke yako. Siku yoyote jirani atagonga mlango, nawe hutamkatalia.

Mungu awape barabara zinazopitika na mikono isiyo na haraka. Awafikishe, na mnaowabeba awafikishe wakiwa bado na kauli yao. Watoto wenu wawakute mlangoni mkiwa hai.

Jumamosi ijayo mjukuu wangu Neema, dada yake Elia, anaolewa Muheza. Mimi ndiye mkubwa aliyebaki, na baraka za nyumba hii ziko kinywani mwangu. Khanga nimeshazikunja. Jana Elia amekuja, shikamoo bibi, marahaba, akakaa, akanieleza kwamba vyombo vya sherehe na masanduku ya nguo vimejaza gari, hivyo tairi litabaki, ila nisihofu, dawa amenunua mpya. Nikamwambia: "Mimi sipandi. Funga tairi lako la akiba, kisha uje uniite." Akacheka, akaondoka.

Leo asubuhi amemtuma mama yake aje kunibembeleza. Amenisalimu kwa adabu, amenikumbusha kwamba Neema ni kipenzi changu, kwamba watu wote wa Muheza wananingoja, na kwamba nisipofika binti ataingia kwenye ndoa analia. Amenieleza mpaka machozi yakanitoka, maana yote ni kweli, na kukaa hapa siku ya Neema kutaniumiza kuliko yeye. Nimejifuta, nikamjibu akampelekee mwanawe:

"Mimi sipandi. Funga tairi lako la akiba, kisha uje uniite."