Mlango wa Pampu Umeshikwa

Kazi yangu iko Ukunda, kwenye kompyuta za hoteli, lakini pampu ya maji ya kijijini kwetu, bara huko karibu na Taru, naiendesha nikiwa hapa hapa mezani. Sanduku lake la umeme lina tundu moja la waya, la mtindo wa zamani. Tumeliunganisha na kompyuta ndogo iliyomo kwenye kibanda cha pampu, nami huingia kwa mtandao nikazungumza na pampu kana kwamba waya wenyewe ninao mkononi. Tundu hilo sisi mafundi twaliita mlango. Nalo lina roho mbaya: likishikwa na mmoja, mwingine haingii.

Siku hiyo pampu ilijizima asubuhi. Mama yangu, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa kibanda, alinipigia simu. Ng'ombe wake alikuwa amezaa juzi yake, na birika la kunyweshea mifugo lilikuwa kavu kabisa.

Nikajaribu kuingia. Jibu: mlango unatumika. Nilijua mara moja ni nani. Fundi mmoja wa Nairobi aliingia kwa mtandao jana yake kukagua, akaenda zake bila kuufunga. Nikampigia, simu imezimwa. Nikaiamuru kompyuta ijizime na kuwaka upya, ikanijibu kwamba sina ruhusa. Ruhusa anayo yeye. Pampu yetu, maji yetu, halafu nabisha kama mwombaji!

"Mama," nikasema, "kuna mtu ameshika mlango, hatoki."

"Mtu? Haya, ngoja." Nikamsikia akiita, "Hodi! Hodi humu ndani!" Kisha akanirudia simuni: "Mwanangu, humu hamna mtu. Labda hao popo."

"Si mlango huo, mama! Ni huu mwingine, unaotakiwa ufungwe kisha ufunguliwe upya!"

Bawaba za kibanda zikalia, mara ya kwanza, mara ya pili. "Nimefunga, nimefungua. Maji bado."

Hapo nikapiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, kazini, mbele za watu. Nikamwambia aichomoe plagi nyeupe ya kompyuta ndogo ukutani. Akakataa.

"Wewe mwenyewe ulisema nyaya hizi zisiguswe."

Nikapandisha sauti zaidi. Mwisho akasema bismillahi, akaichomoa, akairudisha.

Kompyuta ndogo ikawaka, mlango ukawa wazi, nikatuma amri. Pampu ikanguruma. Nilitaka kumwambia anisamehe, lakini alikuwa ameiweka simu chini bila kuikata, amekimbilia birikani. Nikaita, hakusikia. Nilisikia ng'ombe wakinywa, na mwanamke mmoja akimuuliza ni nani aliyekuwa akimfokea vile.

"Ni mwanangu," mama akajibu. "Wala hakuwa akinifokea mimi. Alikuwa akimfokea yule aliyemo ndani."