Mti wa Shea wa Mama

Siku ile tulikuwepo mimi, shangazi yetu aliyetulea, mdogo wangu wa kike na mwanawe mgongoni, na mdogo wetu wa kiume, kitindamimba, aliyerudi kwetu Ludara kutoka chuoni na chupa ya kioo ameiviringisha ndani ya soksi. Baba na mama nao walikuwa hapo hapo, ndani ya makaburi yao, maana tulikaa kando yao, kwenye kisiki.

Kisiki hicho ni cha mti wa shea. Mama alikuwa akikamua mafuta ya mbegu zake. Alipofariki niliacha shule, nikawa nachoma mkaa na kuupeleka Koboko. Kijana wetu, huyo kitindamimba, alipopata nafasi ya kusoma kemia, tulikaa tukakubaliana kuukata, kwa kuwa mkaa wa shea wanunuzi huugombania. Shangazi alinitaka kwanza niseme mbele ya kaburi nitarudisha nini. Nikasema, "Mama, nitakuoteshea mwingine."

Siku ile, basi, kijana alitumbukiza kibati cheusi alichotoka nacho chuoni kwenye maji ya chupa, akakielekeza juani. Vipovu vikapanda.

"Hakuna umeme hapa, Dada. Jua lenyewe linapasua maji, linatoa gesi inayowaka."

Akaikinga gesi kwenye kichupa kidogo, akasogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye mdomo wa kichupa. Pap! Mtoto akaangua kilio.

"Basi weka sufuria," shangazi akasema. "Maharage iko hapa."

"Shangazi, hata chai ya panya haitachemka."

"Na hiyo ndiyo umesomea miaka yote?"

Kijana alicheka mpaka akashika kifua. Vipovu vilikuwa vimeanza kupungua. Hakunificha kitu: kibati kinaliwa na maji yale yale kinayoyapasua, vile vinavyodumu ni ghali, na gesi haifungwi kwenye gunia kama mkaa wangu. Alisema wenye akili kumshinda bado wanahangaika nayo duniani kote.

"Lakini jua tunalo kila siku. Ipo siku utaacha kula moshi, Dada. Nitahakikisha."

Nilimwamini. Sikuwa na jingine la kuamini.

Ugonjwa wa damu ambao kijana alizaliwa nao ulimshika tena mvua zilipoanza. Tulimtoa hospitali Arua akiwa ameshafunikwa shuka. Tulimzika kando ya mama. Jeneza lilikaa juani wakati wa sala, kwa kuwa kivuli cha pale nilikikata mimi ili asome. Chakula cha matanga nilikipika kwa mkaa.

Chupa ninayo. Kibati kilishaoza. Mche wa kwanza wa shea uliliwa na mbuzi, wa pili ukaliwa na mchwa. Huu wa sasa umenifika kwenye kifundo cha mguu. Shea haina haraka, huenda nikazeeka kabla haujazaa. Nimeuzungushia miiba, na jioni naumwagilia kwa chupa yake.

Mama bado ananidai mti.