Mukaba wa Gari, Njia ya Kamituga

Muzungu aliyemwajiri bwana yangu kama shofere hakuvumilia kelele. Redio yake mwenyewe ilipiga mpaka majirani wakajua nyimbo zote, lakini kamyoneti yake, gari dogo la kubebea viazi, ikilia asubuhi mbele ya baraza, lo, siku imeharibika! Na ililia kweli. Mukaba wake, ule wa mpira unaozungusha feni, dinamo na pompi ya maji, ulikuwa umezeeka, na injini ikiwashwa katika baridi ya Bukavu ulipiga yowe ambalo madamu, mke wake, alisema linamtoboa kichwa. Mukaba mpya ulikuwako, umefungiwa ndani ya depo. Patron, muzungu huyo, alisema wa zamani haujakatika bado, wa nini kuutupa?

Kwa hiyo bwana yangu aliunyamazisha. Mashofere wa wazungu walioishi kando ya ziwa walifanya hivyo wote. Unalegeza bulo, boliti ya ule mkono wa chuma unaoshika dinamo, unapitisha nondo nyuma yake, unaivuta dinamo kwa nguvu zako zote, kisha unakaza bulo. Gari linanyamaza, patron anafurahi. Na yeye huyo huyo ndiye aliyenifundisha, zamani za uchumba alipotaka nimwone fundi, kwamba mukaba uliofungwa vizuri ukiubonyeza kwa kidole gumba lazima ubonyee kidogo. Asubuhi ya safari ya Kamituga niliubonyeza mwenyewe. Ulikuwa mgumu kama ubao.

"Unaukaza sana, utakatika," nikamwambia. "Utafikiri unafunga mbuzi asitoroke."

"Bibi, acha. Ikilia atanifukuza. Na leo ninamuomba ruhusa, siwezi kumukasirisha."

Ruhusa ilikuwa kwa ajili yangu. Baba yangu alikuwa anakufa Kamituga. Jana yake mchuuzi mmoja wa soko la Nyawera aliyetoka huko alipita nyumbani, hakutaka hata kukaa. "Muzee hakuli tena," alisema. "Anakuita wewe."

Nilijua ananiitia nini. Kwetu mzazi akijiona anaondoka huwatemea watoto wake mate kiganjani, mmoja mmoja, na hiyo ndiyo baraka yenyewe. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa huko huko anamuuguza. Nilibaki mimi. Nami nilikuwa nimeolewa na tumbo liko kimya, mama mkwe ameshaanza kulitazama kila ninapopita na ndoo ya maji. Niliitaka baraka ile kuliko chakula.

Patron akakubali, kwa sababu kantini ya mgodi wa Kamituga ilikuwa inangoja viazi vyake. Tukaondoka, gari kimya kabisa, madamu akatupungia mkono.

Mukaba ulikatika baada ya Mwenga, kwenye mpando wa mlima. Pwaa! Mara mvuke ukaanza kutoka mbele. Bwana yangu akafungua boneti, akautoa ule mpira uliochanika, akabaki ameushika hivyo.

"Si nilikuambia!" nilipiga kelele. "Si nilikuambia! Madamu amelala vizuri, sasa baba yangu je? Eh? Baba yangu je?"

Nilimtukana mpaka koo likakauka, wala sijutii. Kisha nikafungua kikwembe changu cha juu, nikakichana kwa meno, nikamrushia kipande. Akakisokota kama kamba, akakizungusha kwenye magurudumu yale ya injini, ya feni na ya dinamo, akafunga fundo. Safari hii aliivuta dinamo polepole. Akabonyeza kwa kidole gumba, akanitazama. Nikageuza uso.

Kitambaa kilishika kona mbili tatu, kikaanza kunuka moshi, kikakatika. Tukangoja injini ipoe, akashuka kijitoni kuchota maji ya radiateri, nikachana kipande kingine. Tukaenda hivyo, kona kwa kona. Hakuna gari lililopita, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Giza likatukuta njiani, tukalala juu ya magunia ya viazi tumepeana mgongo, na kulipokucha kikwembe kikawa kimebaki pindo tu. Nilikuwa ninamwomba Mungu kwa sauti, nikisahau katikati ya sala, nikianza tena.

Tulifika Kamituga jua likiwa kichwani. Watu walikuwa wamesimama uani wakinawa mikono kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine, na miguu yao ilikuwa na udongo mbichi. Walikuwa wametoka kuzika. Nilijitupa chini pale pale kando ya gari.

Wanawake waliniinua, wakaniingiza ndani. Yaya alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, ameufumba mkono wa kuume na kuushika kwa ule wa kushoto. Shangazi akaninong'oneza kwamba tangu jana jioni hakuufumbua. Hakutupa udongo kaburini, hakula, hakunawa. Watu walimgombeza mbele ya kaburi, akakataa.

"Alikungojea," yaya akaniambia. "Kila gari anauliza, ni yeye? Tunamuambia, bado, papa. Nguvu zilipomuishia, akanitemea mimi mara mbili. Akasema, ya pili iko ya mudogo yako, umuchungie."

Akaufumbua mkono. Vidole vilikuwa vimekakamaa, akavinyoosha kwa kusaidiwa na ule mwingine. Kiganja kilikuwa kikavu, na alama za kucha katikati.

Tulikitazama sisi wote wawili. Bwana yangu alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya grisi, hathubutu kuingia. Basi yaya akashika viganja vyangu, akanisugua kwa kile chake, kwa nguvu, mpaka nikaumia, machozi yanamtiririka, anarudia tu, "Pokea. Pokea, mudogo yangu. Pokea."

Nikapokea. Watoto sikupata.